Kanzu, Mbuzi na Baiskeli

Jumapili asubuhi hapa Ipagala unaweza kujua nani anasali wapi kwa kuangalia kitenge tu. Kina mama wa kanisa hili wana zambarau yenye maua, wa kanisa lile wana bluu yenye msalaba mgongoni, na vijana wa kwaya wana suti za rangi moja zilizotoka kwa fundi mmoja. Bodaboda wanawapita polepole ili vumbi letu la Dodoma lisiwaharibie. Ni jambo zuri kulitazama na sina ugomvi nalo. Ila kwenye mtaa huohuo yupo mama muuza mchicha ambaye tangu sare ya mwisho itangazwe hajaonekana ibadani. Ukimuuliza anasema tu, "Nguo sina," kama vile mtu mwingine angesema nauli sina. Na hatua chache kutoka kwake yupo bwana ambaye hajamlipa fundi aliyemjengea ukuta. Akikumbushwa anajibu kwa upole kwamba Mungu haangalii mambo ya nje, anaangalia moyo.

Nimewaweka hawa wawili pamoja kwa makusudi. Mmoja amefungiwa nje kwa sababu ya nguo. Mwingine amejificha ndani ya neno "moyo". Mahubiri mengi ninayoyasikia kuhusu jambo hili yanamtetea wa kwanza bila kumgusa wa pili, na mwisho wake tunatoka ibadani tukiwa tumekubaliana kwamba ya ndani ni bora kuliko ya nje, halafu kila mtu anarudi kwake. Nikajiuliza: hivi hapa Ugogo, Ukristo ulipoingia, nani alianza kumtambua Mkristo kwa mavazi? Nani alikuja kulipinga hilo? Na aliyelipinga alitumia kipimo gani kuujua huo moyo?

Tuanze na nguo yenyewe, maana watu husimulia habari hii kama vile Wamisionari walikuta watu wasiojua nguo ni nini, wakawavika. Si kweli. Kabla msalaba haujafika Mpwapwa, nguo ilikuwa inatawala siasa za Ugogo. Misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite kwetu, kwenye nyika hii isiyo na maji mengi, na watemi wa Kigogo walidai hongo kwa kila msafara. Hongo hiyo ililipwa zaidi kwa nguo: merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyotoka Salem, Massachusetts, na kaniki nyeusi ya kutoka India. Ilihesabiwa kwa doti, yaani shuka mbili. Burton aliyepita hapa 1857, na Stanley aliyepita 1871, wote wawili wamejaza kurasa wakilalamika juu ya hongo ya Ugogo. Hao hao ndio waliotuachia maelezo ya namna Wagogo walivyojipamba: udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, nywele zilizosukwa, ndewe za masikio zilizotobolewa na kuvutwa mpaka zikabeba vigogo vya mti na vibuyu vidogo vya tumbaku. Waliandika kwa kejeli. Ukisoma bila kejeli yao, unaona watu wanaojua vizuri kabisa kwamba mwili ni barua: kila anayepita anasoma wewe ni wa ukoo gani, rika gani, una ng'ombe au huna.

Kwa hiyo CMS walipofungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, na kukisimamisha upya 1878, walifika mahali ambapo nguo nyeupe tayari ilikuwa na maana. Ilikuwa mali, ilikuwa heshima ya mtemi, tena ilikuwa ishara ya mtu wa pwani. Hapa kuna kichekesho kinachonifurahisha kila nikikifikiria. Kanzu nyeupe, vazi ambalo Afrika Mashariki nzima lilikuja kuwa sare ya mwalimu wa misheni, ni vazi la Waislamu wa pwani. Mkristo wa kwanza aliyetaka ajulikane kuwa ameachana na mambo ya zamani alivaa nguo ya dini nyingine, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu macho ya watu hayakusoma dini pale. Yalisoma ustaarabu, kusoma na kuandika, kuwa karibu na watu wenye bidhaa. Mmisionari alidhani nguo inafundisha adabu. Jirani aliyekuwa anatazama alielewa kwamba fulani amepata.

Sitaki kuwaonea Wamisionari. Wengine walijua tatizo hili tangu mwanzo na walilalamika juu ya watu waliokuja kwa ajili ya shuka. Lakini mfumo wenyewe ulikuwa umekaa hivyo. Jina jipya, kanzu, kitabu mkononi, nyumba ya mstatili badala ya tembe: vyote hivyo vinaonekana kwa macho, vinahesabika, vinaweza kuandikwa kwenye ripoti ya kupelekwa London. Hasira, uongo, wivu, kumdhulumu yatima, hivyo haviingii kwenye ripoti.

Halafu nguo zikaondolewa. Nasema hivi kwa maana ya karibu kabisa na neno lenyewe. Vita vya 1914 vilipofika, Wajerumani waliwakamata Wamisionari Waingereza wa CMS na kuwaweka kizuizini, kwanza Kiboriani juu ya Mpwapwa, baadaye Tabora. Walimu Waafrika nao walishukiwa kuwa upande wa adui. Walikamatwa, wakafungwa. Mmoja wao ni Andrea Mwaka, ambaye mwaka 1921 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kupewa ukasisi kwenye eneo hili, pamoja na Haruni Mbega. Wakazi wa Dodoma wanalijua jina la Mwaka kwa sababu ya shule inayoitwa kwa jina lake. Wachache wanajua kwamba mwenye jina alipita gerezani kwanza.

Vita vikaacha kitu kibaya zaidi. Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe kulisha askari wao, Waingereza walipofika nao wakachukua, wanaume wakakokotwa kuwa wapagazi, mvua ikakataa. Kuanzia 1917 mpaka 1920 Ugogo ikaingia kwenye njaa iliyoitwa Mtunya, jina lenye maana ya kugombania. Maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba katika Wagogo wapatao 150,000, watu 30,000 walikufa. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeiandikia Mtunya kwa kirefu, anaeleza jinsi familia zilivyotawanyika na jinsi wengine walivyolazimika kuweka watoto rehani kwa wenye chakula. Rehani, yaani mtoto anakaa kwa mtu mpaka deni lilipwe, kama lilivyo deni la mbuzi.

Ukristo wa Ugogo wa miaka hiyo ulibebwa na watu kama Mwaka, wasio na mishahara ya uhakika, wasio na mzungu wa kuwatetea, wasio na shehena ya nguo kutoka ng'ambo. CMS ya London ilikuwa imechoka kiasi kwamba eneo lote lilikabidhiwa kwa Waaustralia, na mwaka 1927 George Chambers akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma. Mwaka 1933 kanisa kuu la Roho Mtakatifu likawekwa wakfu mjini, lile lenye kuba. Mambo yakaanza kupendeza tena. Shule, hospitali, sare, bendi. Kizazi kipya cha Wakristo kikazaliwa ndani ya kanisa, kikabatizwa kichanga, kikajua kuvaa vizuri Jumapili kabla hakijajua kwa nini.

Hapo ndipo Uamsho ulipowakuta.

Uamsho wa Afrika Mashariki watu wengi wanaujua kwa wimbo wake, Tukutendereza, ambao hata asiyejua neno la Kiganda anauimba. Chanzo chake kinatajwa kuwa mkutano wa watu wawili huko Namirembe, Kampala, Septemba 1929: daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa anafanya kazi Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi, Mganda wa familia yenye nafasi. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akaacha viatu, akawa anatembea peku na kanzu yake akihubiri. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukavuka kwenda Kigezi, ukashuka Bukoba, na miaka ya 1940 ukawa umefika kwetu: Kongwa, Mvumi, Dodoma mjini.

Ujumbe wao ulikuwa mchungu hasa kwa watu wa kanisa. Hawakwenda kwanza kwa wapagani wenye udongo mwekundu. Walikwenda kwa wenye kanzu. Walisema ubatizo upo, jina lipo, kiti cha mbele kipo, na ndani kumeoza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ya pwani sijui kama waliitumia, lakini ndicho walichokuwa wanasema. Mwaka 1941 pale Mukono, chuo cha kuwafundisha makasisi Uganda, wanafunzi 26 wakiongozwa na William Nagenda walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kunyamaza. Fikiria hilo: chuo cha theolojia kinawafukuza watu kwa kuhubiri mno. Mkristo mwenye heshima zake akiambiwa mbele za watu kwamba heshima hiyo ni ganda, hawezi kufurahi, awe mwafrika au mzungu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naona tumelisahau. Watu hawa walisema "moyo" asubuhi na jioni. Lakini hawakuishia kwenye moyo, kwa sababu moyo hauonekani, na mtu yeyote anaweza kusema wake ni safi. Walikuwa na neno "kutembea nuruni", na maana yake haikuwa hali ya hisia. Maana yake ilikuwa kutaja jambo kwa jina lake mbele ya mtu uliyemkosea, na kurudisha. Aliyeiba mbuzi alirudisha mbuzi. Aliyedanganya kodi alikwenda bomani akalipa, na makarani wakabaki wameduwaa. Mwanamume alikwenda kwa mkewe akasema niliyoyafanya ni haya. Wanahistoria waliosoma kumbukumbu za Uamsho, Derek Peterson akiwa mmoja wao, wanakutana na habari hizi tena na tena: baiskeli, mbuzi, pesa, vitabu vya shule, vikirudi kwa wenyewe.

Katika nchi iliyopita Mtunya, na ambayo ilipata njaa nyingine kali katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, deni halikuwa jambo la mfano. Kila mwenye umri wa miaka thelathini na kitu mwaka 1945 alikuwa mtoto wakati wa Mtunya. Alijua kuna nani alitolewa rehani, nani hakurudi, ng'ombe wa nani waliishia kwenye zizi la nani. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba Mungu anataka moyo wako, anaweza akaitikia tu. Ukimwona jirani anakuja na mbuzi ambaye kila mtu alishakata tamaa naye, hapo anasimama kusikiliza. Na Kongwa, kuanzia 1947 hadi 1951, serikali ya Uingereza ilikuja na Mpango wa Karanga: matrekta, stoo, vipuri, maelfu ya vibarua, halafu ikaondoka ikiwa imepoteza pauni milioni 36. Mahali pa kuibia, kwa kweli, palikuwa pengi.

Mtu ambaye maisha yake yanaonyesha haya yote ni mwalimu mmoja wa Alliance Secondary School, Dodoma. Shule hiyo baadaye iliitwa Mazengo, kwa jina la mtemi wa Mvumi, na leo viwanja vyake ni Chuo Kikuu cha St John's. Mwalimu mwenyewe ni Festo Kivengere, mtoto wa wafugaji wa Kigezi, Uganda. Aliokoka 1941. Katikati ya miaka ya 1940 alihamia Dodoma na mkewe Mera kama mwalimu, na akakaa kwetu zaidi ya miaka kumi. Dunia inamkumbuka kama askofu na mhubiri wa kimataifa, aliyemtafsiria Billy Graham kwa Kiswahili Moshi mwaka 1960. Mimi nina imani kwamba Kiswahili kile kiliivia Dodoma, kwenye vibao vya darasani na kwenye ushirika wa jioni na akina ndugu, maana Kigezi hakikuwa cha nyumbani.

Kivengere alisimulia kisa cha siku zile za mwanzo baada ya kuokoka, kabla hajafika kwetu. Kulikuwa na mmisionari Mwingereza ambaye alimchukia. Na tusijifanye hatuelewi; kijana msomi wa Kiafrika wa miaka ya 1940 alikuwa na sababu zake za kumchukia mzungu. Akiwa ameshaokoka, akashuhudiwa ndani yake kwamba ni lazima aende kwa mtu huyo. Kila kitu cha nje kilikuwa sawa: anasali, anaimba, anatoa ushuhuda. Akachukua baiskeli akaendesha maili 50, kwenda kumwambia mtu yule kwamba alikuwa anamchukia na kwamba anaomba msamaha.

Maili 50 za vilima vya Kigezi. Kila nikisoma kisa hiki huwa nasimama hapo kwenye umbali. Angeweza kumsamehe akiwa amekaa kitandani. Angeweza kusema Mungu anaujua moyo wangu. Njia ile ndefu ndiyo iliyonionyesha kwamba kwa watu wa Uamsho, nje na ndani havikuwa maadui kama tunavyowagombanisha siku hizi. Waliikataa nje ya aina moja, ile ya kutazamwa, wakadai nje ya aina nyingine, ile inayokugharimu na ambayo mara nyingi shahidi wake ni mtu mmoja tu, tena yule usiyempenda.

Kuna wasomaji watakaoniambia kwamba ninaupamba Uamsho. Basi niseme na upande wa pili. Haikuchukua muda mrefu, waliookoka nao wakapata sare yao. Nywele zikasukwa kwa namna moja au zikakatwa, hereni na shanga zikatupwa, salamu ikawa moja, ushuhuda ukapata mpangilio wake: nilikuwa hivi, Bwana akanikuta mahali fulani, sasa niko hivi. Asiyejua mpangilio ule alihesabiwa baridi. Huko Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi lililoitwa Abazukufu, Walioamka Upya, likiongozwa na Yona Mondo, lilijitenga na ndugu wengine likiwalaumu kwa madeni na mitindo ya mavazi. Yaani wale waliokuja kupinga kanzu wakawa na wajukuu wanaopima urefu wa sketi. Hata peku ya Nsibambi, ambayo kwake ilikuwa imetoka moyoni kabisa, ukiigeuza kuwa sheria inakuwa kiatu kingine.

Na wala si kanisa peke yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 vijana wakaingia mitaani Dar es Salaam kupambana na sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Karibu na wakati huohuo Wamasai wa kaskazini walikuwa wanalazimishwa kuvaa suruali ili waonekane wa kisasa. Dada wa mjini alikosea kwa kuvaa kizungu, Mmasai akakosea kwa kutovaa kizungu. Ujamaa ulikuwa ni imani ya moyo pia, kwa namna yake. Ulidai mtu awe mpya ndani. Ulipotaka kujua kama amekuwa mpya, ukamwangalia sketi. Naona ni ugonjwa wa kila anayeongoza watu wengi: tabia inachukua miaka kuijua, nguo unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Ugogo nayo ilipata mabadiliko ya kurudi upande mwingine. Zeze, marimba na ngoma zetu, ambazo kwa muda mrefu zilionekana ni mambo ya gizani, ziliingia kanisani. Kedmon Mapana, msomi wa muziki ambaye ni Mgogo mwenyewe, ameandika jinsi muheme, ngoma ya wanawake iliyokuwa ya unyago wa wasichana, ilivyosafiri mpaka kwenye majukwaa ya siasa na ibada. Leo ukisikia muheme kwenye sikukuu ya kanisa Chamwino hakuna anayeruka. Lakini na hapa macho yangu yana wasiwasi kidogo. Kuna makanisa ambayo sasa mgolole, shanga na njuga za kwaya ni onyesho jingine, zinatolewa askofu akija na mpiga video akilipwa. Udongo mwekundu uliokataliwa na babu umerudi kama vazi la jukwaani. Sijui kama babu angecheka au angelia.

Kuhusu maandiko, nitataja mawili tu, kwa kuwa ndiyo yanayosomwa kila mahali jambo hili likizungumzwa. La kwanza ni Samweli nyumbani kwa Yese. Nabii anamwona Eliabu, mrefu, mwenye umbo, anadhani kazi imekwisha, kumbe anayetakiwa yuko porini na kondoo. Watu wa Ugogo tunaipenda hadithi hii kwa sababu mchungaji ndiye anayeshinda. Ila mwandishi wake alikuwa fundi mwenye utani: akishatufundisha kwamba sura si kitu, Daudi anapoingia tu anashindwa kujizuia, anatueleza kwamba kijana alikuwa mwekundu mwenye macho mazuri. Na anayejua kilichompata Uria baadaye anajua kwamba kuchaguliwa kwa ajili ya moyo hakukumaliza kazi ya moyo. La pili ni Zakayo, ambaye wahubiri wetu wanashughulika sana na ufupi wake na mti wake. Mimi naona kiini cha habari ile ni hesabu. Alitaja nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakusema moyo wangu umebadilika. Alisema kiasi.

Nikirudi kwa Kivengere: mwaka 1959 hivi aliondoka Dodoma, akapata daraja la ukasisi, na mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na Mera wakakimbia, wakavuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu kidogo chenye jina lililowakera watu wengi, kwa kuwa kwenye jalada alisema anampenda Idi Amin. Waliokuwa wamepoteza ndugu walikuwa na haki ya kukereka. Jina la namna ile linaweza kuwa pambo baya kuliko mapambo yote: upendo wa kuonyesha kwa kamera za Ulaya na Marekani. Ninachokisoma mimi ni kwamba mwandishi wake ni yuleyule wa maili 50, na kwamba alikuwa ameshafanya mazoezi ya jambo hili kwa watu wa karibu, bila kamera, miaka thelathini na kitu kabla. Sehemu ya mazoezi hayo aliyafanya hapa, kwa wanafunzi na walimu wenzake na Waaustralia waliokuwa wakubwa wake.

Dodoma ilipotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, sehemu kubwa ya kilichokuja kuwa mitaa yetu ilikuwa bado mashamba ya uwele na mtama. Baada ya serikali kuhamia kwa kasi kuanzia 2016 Ipagala imejaa watu wa kutoka kila mkoa, na kila mkoa umekuja na kanisa lake. Wengi hawajawahi kusikia habari za Mwaka, Mtunya wala ndugu wa Kongwa. Marehemu mzee Ernest Kongola, mwalimu mstaafu wa hapahapa Dodoma, alitumia miaka yake ya uzeeni kuandika historia za koo na za watu wa Ugogo, kwa Kiswahili, buku baada ya buku, na Maddox akashirikiana naye kutoa kitabu kilichochapwa 2006. Kazi ya aina hiyo juu ya Uamsho wa Ugogo sijaiona.

Waliokuwa vijana wadogo ndugu walipokuwa wanazunguka vijijini sasa wamevuka miaka themanini. Wapo Mvumi, wapo Buigiri, wapo Kongwa, na wachache wamehamia kwa wajukuu zao hapa mjini. Kama msomaji yeyote ana simu yenye nafasi ya kutosha kurekodi, aende. Nyimbo zimesharekodiwa, mahubiri yapo, ushuhuda wa "Bwana alinikuta" upo mwingi. Mimi ningewauliza swali moja: nani aliwahi kuja mlangoni kwenu kurudisha kitu, kilikuwa kitu gani, na mzee wa nyumba alisema nini alipokiona?